Shabu Iliyokataa Kuumuka

Tulipoachana mara ya mwisho nilikuwa nimesimama ukingoni mwa bwawa, mkono wa kulia umefungwa bandeji, nayatazama maji meupe kama yaliyooshewa mchele.

Kwa asiyenijua, mimi ni Doray, mtunzaji wa nyumba ya bwawa ya Madam Violeta hapa Pansol, kwenye chemchemi za moto, mwaka wa kumi na moja huu. Mume aliniacha, hilo mlilisoma. Chupa ya wageni walevi ikanipasua kiganja, na hilo mlilisoma.

Kuna bwana ameandika kwamba mikosi yangu imezidi, kwamba hakuna mtu mmoja wa kupatwa na yote hayo. Bwana, ningefurahi kama ungekuwa sahihi. Soma ya leo kwanza, kisha uandike tena.

Ilikuwa Juma Kuu. Jumatano kundi la watu thelathini kutoka Manila waliogelea kutwa nzima, wamejipaka mafuta ya jua, mikono bado ina mafuta ya nguruwe wa kuchoma. Walipoondoka bwawa likawa maziwa. Nikatia dawa, nikaliendesha chujio mpaka likapiga mluzi, wapi. Uchafu ule ni mdogo mno, unapita kwenye chujio kama mwizi kwenye ua mbovu.

Jioni ile Madam akapiga simu. Anakuja Jumamosi na ukoo wake wote, kula na kuogelea.

"Doray," akasema, "nikikuta maji machafu, Pasaka ufungashe."

Hakupandisha sauti. Nami chumba changu ni kile kilicho nyuma ya pampu. Binti yangu Ligaya alijifunzia kutembea kwenye sakafu ile. Kazi ikienda, chumba kimekwenda, na mimi na mwanangu tuko barabarani na sufuria zetu.

Wengine hapa maji yakichafuka huyafungulia yote na kujaza upya kutoka chemchemi ya moto. Mwaka huu kiangazi kimeikausha chemchemi, inatoa maji kama mzee anayekojoa. Kujaza bwawa langu kungechukua siku nne, nami nilikuwa na mbili.

Ikabaki shabu. Ni lile jiwe jeupe ambalo kinyozi hukupitishia kidevuni wembe ukikukwaruza. Ukiisaga, ukaiyeyusha kwenye ndoo na kuimwaga bwawani, ule uchafu mdogo mdogo hushikana, ukawa mzito, ukazama. Unazima pampu na kuyaacha maji usiku kucha bila kuyagusa. Asubuhi juu ni kioo na chini kuna tope, unalifyonza taratibu na kulitupa nje. Kazi hiyo naijua kama ninavyojua kupika wali.

Stoo nilikuwa na mfuko wa kilo tano. Na stoo ina funguo mbili tu. Mmoja wangu, mwingine wa Delfin.

Delfin ni mdogo wangu wa tumbo moja. Mama alipofariki alikuwa na miaka sita, mimi nina kumi na tisa. Nikamlea mimi. Nikamwosha, nikamsomesha, nikakataa mchumba mmoja kwa sababu hakutaka kuoa na mtoto juu. Miaka miwili iliyopita nikamwombea kazi hapa, nikamfundisha kila kitu.

Alhamisi nilipoinama kuufungua mfuko, akanishika bega.

"Dada, acha. Shabu itakuchoma kidonda. Kaa hapo kivulini, nitafanya mimi."

Nikakaa. Niseme ukweli, machozi yalinitoka. Nikasema moyoni, kumbe nililea. Nikamtazama akipiga nyundo, akikoroga ndoo baada ya ndoo, akizunguka bwawa akimwaga kama nilivyomfundisha. Kazi yangu ilikuwa kupima maji kwa kichupa cha matone na kumwambia aongeze magadi kidogo. Pampu ikazungusha maji kwa saa mbili bila kupitia chujio, kisha akaizima mwenyewe.

Jioni ile ile Salud alikuja getini. Salud anatunza bwawa la nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mumewe alipokufa alikuwa hajui hata kushika mpira wa kufyonzea, nikamfundisha. Ndiye aliyemshika Ligaya wangu kwenye ubatizo, kwa hiyo ni kumare wangu, na kwetu huku kumare unamweleza mambo ambayo dada yako hayajui.

Delfin ndiye aliyekwenda getini. Nilikuwa napika. Akarudi peke yake.

"Alikuwa anataka nini?" nikamwuliza.

"Kujua tu kama maji yetu yameshatakata. Ana hamu kweli kweli yule."

Sikulitia maanani. Nikameza dawa ya maumivu ya mkono, nikalala fofofo na matumaini yangu.

Ijumaa Kuu alfajiri nikafungua mlango, nikaangalia. Maji meupe vile vile. Nikapiga magoti, nikatia uso karibu. Hata punje moja haikuwa imezama.

Kuna sababu moja tu inayojulikana ya shabu kushindwa ukishaipima vizuri. Ni mtu kuwasha pampu kabla ya tope kutolewa. Ukiiwasha, kila kilichozama kinainuka tena. Nikakimbilia pampu, nikaweka mkono wa kushoto juu yake. Ilikuwa ya moto.

Delfin alikuwa amesimama nyuma yangu, anajikuna shingo.

"Sikutaka kusema, Dada," akasema. "Ni kumare wako. Kiza hakijatoka vizuri nilimwona anatokea upande huu wa pampu. Nikadhani amekuja kuomba kitu."

Nikamwuliza mbona hakuniamsha. Akasema aliona aibu kumshuku mtu wa karibu yangu hivyo. Nikamwamini. Jibu lilikuwa limenyooka sana, na mimi nilikuwa natafuta mtu wa kumchukia. Tena sababu ilikuwepo, maana wageni wakilikataa bwawa langu wanahamia la kwake.

Hasira hasara, walisema wazee. Mimi nilikwenda kuinunua hasara yangu kwa miguu, na kandambili moja imekatika.

Salud alikuwa kanisani, kwenye kile kikanisa cha mtaa. Mnajua ilivyo siku zile. Wanawake wanauimba ule wimbo mrefu wa Mateso usiku na mchana, wanapokezana, na spika zimefungwa juu ya mnazi ili hata mgonjwa kitandani apate baraka. Ilikuwa zamu yake. Ameketi mezani, miwani puani, kitabu mbele, maikrofoni mdomoni.

Mtu mwenye akili angesubiri ubeti uishe. Mimi nilikwenda mpaka mezani.

"Salud," nikasema, "mwizi mwenye rozari. Nilikufundisha kazi, nikakulisha, halafu unaniingilia kwa pampu alfajiri ya Ijumaa Kuu?"

Nikasikia sauti yangu mwenyewe inarudi kutoka kwenye mnazi. Pampu, alfajiri, Ijumaa Kuu. Mtaa mzima ulinisikia, na walioko barabara kuu walinisikia. Wameniambia baadaye kwamba mbwa walibweka mpaka kule juu mlimani.

Salud hakuacha kuimba. Aliumaliza ubeti wake, neno kwa neno, na sauti haikutetemeka. Kisha akaifunika maikrofoni kwa kiganja.

"Nilipomshika mwanao kwenye ubatizo," akasema taratibu, "ndiyo maji pekee ya kwako niliyowahi kutia mkono. Nenda nyumbani, Doray."

Miaka tisa alikuwa hajaniita jina langu tupu. Nikajiambia, ona, dhamiri inamsuta. Nikatoka nimeinua kidevu.

Lakini kidevu hakisafishi maji. Nikaona nipate ushahidi, watu wasije wakasema nimemsingizia. Na ushahidi siku ile ulikuwa kwa Bibi Bining.

Bibi Bining anapiga ramli kwa shabu. Siyo ile ya bwawani, ingawa ni jiwe lile lile. Mtoto akiumwa na daktari asione kitu, Bibi humpitishia shabu mwilini, kisha huitupa juu ya makaa. Shabu ikipata moto huumuka kama mkate, inajikunja, inatoa umbo, na kwenye lile umbo Bibi anasoma aliyekudhuru. Ijumaa Kuu ndiyo siku mkono wake una nguvu kuliko zote, na foleni hufika mtoni.

Shabu yenyewe lazima itoke nyumbani kwa mgonjwa. Nikarudi stoo. Delfin alikuwa hayupo. Chini ya mfuko kulikuwa kumebaki chembe kiasi cha kujaza kiganja, nikazifunga kwenye karatasi kwa mkono wa kushoto na kwenda zangu kupanga foleni.

Zamu yangu ilipofika jua lilikuwa limepanda sana.

"Mgonjwa nani?" Bibi akauliza.

"Bwawa, Bibi."

Akanitazama juu ya moshi. Amewahi kutibu watoto, nguruwe, na pikipiki moja ya mpwa wake.

"Limeanza kuumwa lini?"

"Jumatano."

"Linakula vizuri?"

Foleni ikacheka mpaka mtoto akaamka. Nami sikucheka. Nikamweleza yote, Salud, pampu, Madam, nikamwambia nataka kuuona uso wa Salud kwenye makaa, kila mtu auone. Akaacha utani. Akaomba, akachukua chembe zangu, akazitupa motoni.

Pa. Pa, pa, pa.

Zikaruka. Moja ikampiga Bibi kidoleni, nyingine ikatua kwenye sketi yangu. Hazikuumuka wala hazikutoa umbo, zilipasuka tu kama mahindi mabaya kisha zikatulia.

Bibi akatupa nyingine. Ikawa vile vile. Akaokota moja iliyobaki kwenye karatasi, akaiangalia kwenye mwanga, akailamba. Akailamba tena kama mtu anayeonja mchuzi.

"Doray," akasema, "hii ni chumvi."

"Bibi?"

"Chumvi ya mawe. Ile ya kuhifadhia mayai ya bata. Onja."

Nikaonja. Wasomaji wangu, nina miaka kumi na moja na shabu. Ladha yake inakukaza ulimi kama ndizi mbichi. Ile haikukaza kitu.

Kilo tano za chumvi. Nilikuwa nimekaa kivulini, nalia kwa furaha, natazama kilo tano za chumvi zikimwagwa bwawani kwa heshima zote.

"Niambie uso wa aliyefanya," nikamwambia Bibi. Nilikuwa nataka bado iwe Salud. Nilimwomba Mungu iwe Salud.

"Chumvi haina uso," akasema. "Mwenye ufunguo wa stoo anao. Anayefuata."

Nikatoka. Nikakaa kwenye jiwe la mtoni, nikaufumbua mkono na kuukunja. Shabu itakuchoma kidonda, Dada. Kaa kivulini, Dada. Na ile pampu ya moto, nani alikuwa nyuma yangu na jibu tayari? Kikulacho ki nguoni mwako. Msemo huo nilimfundisha Delfin mwenyewe, darasa la pili, alipoibiwa kalamu na rafiki yake.

Niliumia namna ambayo mume alipoondoka sikuumia. Mume unamkuta ukubwani, ana tabia zake tayari. Huyu nilimkata kucha mimi.

Lakini saa ilikuwa saba mchana, na maji hayasubiri mtu alie. Shabu ikiingia kabla ya saa tisa bado ilikuwa na usiku mzima wa kuzama. Shabu nitaitoa wapi? Maduka yote yamefungwa. Ijumaa Kuu hata anayeuza barafu anafunga. Mtaa mzima kuna mtu mmoja tu aliyekuwa na haja ya kuweka shabu kwa kilo nyumbani.

Mnamjua. Nilikuwa nimemwita mwizi kwa spika.

Nilibisha hodi kwake mara tatu. Mara ya nne akatoka, akabaki ndani ya geti, nami nje.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Yote yakanikimbia. Nikamwambia tu kwamba shabu yangu ilikuwa chumvi, na kwamba pampu sijui nani aliiwasha lakini si yeye.

Salud akanisikiliza mpaka mwisho. Akaingia ndani, akarudi na mfuko wa kilo tano. Pembeni una msalaba mwekundu wa rangi ya kucha. Mifuko yangu yote naitia msalaba ule, na ule wa stoo sikuwa hata nimeutazama ubavuni.

"Delfin aliniletea Jumatano jioni," akasema. "Alisema umenipa wewe, umenunua mingi. Jana nikaja kukushukuru. Akaniambia getini unaumwa kichwa, umelala."

"Nilikuwa napika," nikasema.

"Nilisikia harufu."

Hapo ndipo niliposhika nondo za geti. Kumbe Delfin hakutaka tu maji yachafuke. Alitaka siku nikitafuta mfuko wangu niukute kwa Salud. Alinipangia nani wa kumchukia, na mimi nikaenda kumchukia kama nilivyotumwa.

Nikamwomba msamaha. Akaupitisha mfuko juu ya geti.

"Chukua, ni wako. Lakini lile neno ulilisema kwa spika, Doray. Usinirudishie getini."

Maji yakimwagika hayazoleki, na neno vile vile. Nikamwambia Jumapili ya Pasaka alfajiri, sanamu ya Mama wa Mungu na ya Mwanawe mfufuka zikikutana mbele ya kanisa, spika itakuwa wazi na nitalisema mbele ya watu wote. Akafunga geti.

Nilisaga shabu mwenyewe. Nikakoroga mwenyewe kwa mikono miwili, maana ndoo haiinuliki kwa mmoja. Ilipoingia kwenye kidonda nilipiga kelele iliyonitoa machozi, na katikati ya yale machozi nikafurahi. Hii ilikuwa inachoma kweli kweli, na ulimi wangu ulikuwa umeshaikagua.

Saa tisa kasoro dakika kumi ndoo ya mwisho ikaingia. Baada ya saa tisa siku ile hatuogi, hatupigi kelele, hatufanyi kazi, Bwana amekufa. Mimi niliiacha pampu izunguke mpaka karibu saa kumi na moja, ndipo nikaizima. Dhambi hiyo nimeshaiungama kwa padri, na leo naiungama kwenu.

Delfin alirudi kutoka kwenye maandamano ya Ijumaa Kuu, ana mshumaa mkononi. Akauona mfuko wenye msalaba mwekundu mezani. Akasimama kuutazama muda mrefu, nta ikamdondokea kidoleni na hakuitikisa.

"Nipe ufunguo," nikasema.

Akautoa mfukoni, akauweka juu ya mfuko.

"Kwa nini, Delfin?"

Akaanza kulia. Analia kama alivyokuwa akilia mdogo, mdomo umefumba, mabega yanaruka. Akasema amechoka kuitwa mdogo wa Doray. Akasema alitaka maji yashindikane mara moja tu mikononi mwangu, kisha Jumamosi asubuhi aende kwa Salud, aurudishe mfuko, na Madam aone ni nani anayeweza. Pampu aliiwasha mwenyewe ili nisiuchunguze mfuko. Kuhusu Salud akasema hakufikiria mbali.

Nikamwambia shabu ya Jumamosi asubuhi isingezama kabla ya Madam kufika, na hilo analijua, nilimfundisha. Akalia zaidi.

Nilipaswa kumfukuza. Nilimpakulia bakuli la viazi na ndizi za tui, akala akijipangusa pua na mkono wa shati. Mnicheke mnaotaka. Ukishamlisha mtu kwa kijiko, mkono hauachi kirahisi. Nikasema ni ujinga wa ujana, wivu wa ndugu, utapita. Nusu niliamini, nusu nililala na mkeka wangu mlangoni mwa chumba cha pampu, funguo zote mbili zimefungwa kwenye kanga kiunoni.

Jumamosi nikaamshwa na mwanga. Sikufungua macho mara moja. Nilihesabu pumzi kumi kwanza, nikafungua.

Niliona sakafu. Niliona vigae vya bluu mpaka kwenye kina kirefu, ufa mdogo wa mwaka juzi, na kibanio cha nywele ambacho Ligaya alikipoteza Januari. Juu ya vigae tope lilikuwa limelala, jeupe, laini, kama uji uliopoa. Ya juu yake yalikuwa maji ya kunywa.

Bado kazi ilikuwepo, na ndiyo ya hatari. Tope lile ukilifyonza kwa pupa linainuka lote, umerudi Jumatano. Unaigeuza koki maji yatupwe mtaroni, yasipite kwenye chujio. Unaisogeza brashi hatua kwa hatua, na mtu mwingine anaushika mpira usijikunje. Inahitaji mikono minne mizima. Mimi nilikuwa na mmoja na nusu, na Delfin nilimkataza hata kukanyaga ukingo. Alikaa kwenye ngazi ya jikoni, ananitazama.

Geti likalia. Salud akaingia, amefunga kitambaa kichwani, hakusalimia. Akauokota mpira.

"Nimekuja kwa ajili ya maji," akasema. "Sikuja kwa ajili yako."

Tulifanya kazi kwa saa tatu bila kuongea. Ninapotaka mpira ulegee, anaulegeza kabla sijamwangalia. Ninapokaribia kona, anavuta. Mara mbili bandeji ilifunguka, na mara ya pili akaifunga yeye, akakaza kuliko ilivyohitajika.

Tukalimaliza tope. Nikaifungulia ile chemchemi yetu iliyozeeka, ikajazia maji kidogo kidogo. Saa tano kamili nikasimama kando ya Salud, tumelowa mpaka kiunoni, na kusema kweli sijawahi kuona bwawa limetakata vile. Kivuli cha mnazi kilianguka moja kwa moja mpaka sakafuni.

Nikawaza, nimepona. Chumba changu kimepona. Jumapili nitasema kwenye spika, Salud ataniita kumare, na Delfin atakua.

Magari mawili yakaingia. Watoto wakatoka mbio wameshavaa nguo za kuogelea, wakapiga kelele walipoyaona maji. Madam Violeta akashuka wa mwisho. Akaja mpaka ukingoni, akavua miwani yake ya jua.

Nikasubiri. Nilijua angeinamisha kichwa kidogo, ndivyo anavyosifia, na nilikuwa nimeshauandaa uso wangu wa unyenyekevu.

Uso wa Madam ukasawijika. Aliyaangalia yale maji kama mtu aliyefungua mlango akamkuta mgeni aliyeambiwa amekwenda. Halafu hakuniangalia mimi. Aliangalia juu ya kichwa changu, kwenye ngazi ya jikoni.

"Delfin," akasema, "uliniambia leo yatakuwa machafu."

Mdogo wangu akainuka na kuangalia miguu yake.

Watoto walikuwa wanarukia majini mmoja mmoja. Madam akarudisha miwani usoni. Miaka kumi na moja nimemfulia mashuka, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa akitafuta sababu ya kunitoa, na ile sababu nilikuwa nimeifyonza asubuhi ile na kuitupa mtaroni.

"Doray," akasema, akanyoosha mkono, "nipe funguo."

"Zipi, Madam?"

"Zote ulizo nazo. Na kile chumba cha nyuma ukitoe vitu kabla ya chakula."

Mkono wangu mbaya ukaenda kiunoni wenyewe, kwa mazoea. Kidole kilikuwa kimeshaanza kulifungua fundo la kanga niliposikia sauti nyuma yangu, ya mtu ambaye bado alikuwa ameushika mpira uliolowa.

"Usimpe, kumare."